Mafunzo ya makumbusho ya nyumbani, Mkomani: siku mbili zimeiva, moja bado mbichi

Katika nyumba moja ya mawe huko Mkomani, Lamu, hutolewa mafunzo ya siku 4 kwa walimu na wenye nyumba wanaotaka kugeuza chumba kimoja kuwa makumbusho madogo. Ada ni Sh 6,500, chakula cha mchana kimo ndani yake, na darasa halizidi watu 12. Masomo huanza saa 3 asubuhi, husimama kwa adhuhuri, humalizika saa 10. Kila mtu hupewa kasha la vifaa: daftari la jalada gumu lenye kurasa 200, penseli 2, futi ya kitambaa, mita 5 za utepe wa pamba, kichupa cha asetoni na punje za akriliki za kuwekea namba, brashi nyembamba, kipande cha linoliamu (bamba laini la kuchongea picha za kuchapa) cha sentimita 15 kwa 20, na patasi 3 ndogo. Vifaa si vya kubabaisha. Patasi zina makali, na daftari limeshonwa kwa uzi, halikubandikwa gundi, kwa hiyo halitaachia kurasa mwaka wa pili.

Siku ya kwanza na ya tatu zimeiva. Siku ya pili ina makosa yanayoweza kuharibu vitu vya watu, nayo ndiyo itakayotuchukua muda hapa. Siku ya nne ni ya mpango wa chumba. Ina mambo mawili makubwa yaliyosahauliwa.

Siku ya kwanza huanza na maisha ya Margaret Burroughs wa Chicago, Marekani. Mtu wa Lamu ana haki ya kuuliza kwa nini aende mbali hivyo, na Makumbusho ya Lamu yako pale ufukweni tangu 1971. Jibu ni kwamba makumbusho yale yalizaliwa mikononi mwa taasisi ya taifa, ilhali Burroughs alianza chini ya paa lake mwenyewe, akiwa mwalimu wa sanaa anayekwenda kazini kila asubuhi. Kwa mwalimu wa Langoni au Shela mwenye chumba kimoja kitupu, mfano wa pili ndio unaomkaa.

Kijitabu cha darasa kinaeleza mambo ya msingi sawasawa. Burroughs alizaliwa St. Rose, Louisiana, akalelewa Chicago, akasomea ualimu kisha sanaa, akapata shahada ya kwanza 1946 na ya pili 1948 katika School of the Art Institute of Chicago. Kuanzia 1946 hadi 1969 alifundisha sanaa DuSable High School, shule ya vijana weusi upande wa kusini wa mji. Mwaka 1961, yeye na mumewe Charles, pamoja na wenzao wachache, walifungua vyumba vya chini vya nyumba yao, 3806 South Michigan Avenue, vikawa makumbusho ya historia na sanaa ya watu weusi. Mwaka 1968 yakapewa jina la Jean Baptiste Pointe DuSable, mtu mweusi anayehesabiwa kuwa mkazi wa kwanza wa kudumu, asiye wa wenyeji wa asili, wa mahali ulipo mji wa Chicago. Mwaka 1973 yakahamia Washington Park. Aliyaongoza hadi katikati ya miaka ya 1980, na alifariki 2010.

Kijitabu kinapokosea ni katika kuruka. Kinamtoa darasani kikamtua 1961 kana kwamba makumbusho yalimjia usingizini. Miaka 20 kabla ya hapo, 1940, akiwa binti wa ishirini na kitu, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha South Side Community Art Center, barabara hiyohiyo, hatua chache kutoka nyumba aliyokuja kukaa baadaye. Eleanor Roosevelt, mke wa Rais wa Marekani, alikwenda kukizindua rasmi 1941. Kwa hiyo aliyefungua sebule 1961 hakuwa mgeni wa kamati, michango na ratiba za maonyesho. Mwanafunzi akiikosa sehemu hii huondoka akidhani kinachohitajika ni moyo tu. Aelezwe kwamba sebule ilikuja baada ya miaka 20 ya mazoezi, na kwamba hata hapo hakuwa peke yake.

Jingine lililoachwa: jengo la Washington Park lilikuwa zamani la usimamizi wa bustani, na humo humo polisi wakiweka mahabusu. Sasa toka nje utazame Ngome ya Lamu. Ilijengwa kati ya 1813 na 1821, ikageuzwa jela kuanzia 1910 hadi 1984, na ndipo ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa. Miji miwili, mabara tofauti, na kufuli zilezile. Mfano kama huu ungetosha nusu saa nzima ya mjadala, na wanafunzi wangeweza kuuendea kwa miguu.

Hata hivyo zoezi la mchana la siku hiyo ni zuri kuliko yote. Kila mtu anaandika masomo 3 anayoyafundisha tayari, na mbele ya kila moja kitu kimoja cha nyumbani kinachoweza kulifundisha. Hakuna kuanza na vitu. Unaanza na somo. Mwalimu wa hisabati anaandika vipimo vya ujazo, anaweka kibaba na pishi, kwa sababu vibaba 4 ni pishi moja na mtoto anaweza kumimina mchele akajionea. Wa jiografia anaandika kaskazi na kusi, anaweka kipande cha tanga. Wa lugha anaweka ukurasa wa utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwisho wa zoezi watu 12 wana vitu 36, na kila kimoja kina kazi. Anayeanza kwa kukusanya kila cha kale kilichomo stoo huishia na chumba kama duka la mitumba.

Basi siku ya pili.

Asubuhi ni ya daftari la usajili, na mbinu yenyewe ni sahihi. Namba ina sehemu tatu: mwaka, mara ya ngapi kupokea mwaka huo, na kitu cha ngapi katika mapokezi hayo. 2025.4.12 ni kitu cha 12 katika shehena ya 4 ya mwaka 2025. Mstari mmoja kwa kitu kimoja: namba, jina, kilikotoka, tarehe ya kupokewa, vipimo kwa milimita, hali yake siku hiyo, na mahali kinapowekwa. Jina liandikwe kwanza vile mwenyewe anavyolitaja kwa Kiamu, kisha Kiswahili sanifu kama ni tofauti. Usifute kamwe; kosa likatwe kwa mstari mmoja na liandikwe upya pembeni.

Kuweka namba juu ya kitu kunafundishwa vizuri lakini bila kuzingatia hewa ya Lamu. Punje za akriliki (ni Paraloid B-72, isiyogeuka manjano) huyeyushwa gramu 20 katika mililita 100 za asetoni. Unapaka ukanda mdogo, sentimita 1 kwa 3, pasipoonekana na pasipokanyaga chini. Ukikauka unaandika namba kwa wino mweusi usiofutika kwa maji, kisha unafunika kwa safu nyingine nyembamba. Darasani safu zilikauka nyeupe kama maziwa, na mkufunzi akalaumu punje. Punje hazina kosa. Asetoni ikiruka haraka hupoza pale ilipopakwa, na katika hewa yenye maji mengi unyevu hutua juu yake kabla haijakauka. Kazi hii ifanywe saa 7 mchana, jua limepanda na hewa imepungua maji kidogo, kwa brashi isiyojaa. Wakati wa masika, Mei hasa, iahirishwe. Iliyokwisha kuwa nyeupe ipanguswe kwa pamba yenye asetoni, ianzwe tena. Na asetoni ya kutolea rangi ya kucha isitumike, kwani mara nyingi huchanganywa mafuta.

Vitu vinavyonyonya maji, kama mkeka, ungo, kofia, kanga na mbao zisizopakwa chochote, havipakwi. Ndipo unapotumika ule utepe wa pamba: namba kwa penseli, utepe ushonwe kwa mishono miwili mirefu penye pindo, au ufungwe bila kukaza. Kwenye kinu, namba isiwe chini kabisa kinapokaa. Itafutika mwezi wa kwanza.

Mambo yanaharibika kwenye fomu ya kupokelea vitu. Fomu ina mstari mmoja tu: "Nimetoa kitu hiki kwa makumbusho." Kwa mji kama Lamu, neno "nimetoa" ni mlango wa kesi. Kuna hiba, ambapo kitu kimeondoka mkononi mwa mtoaji. Kuna amana, ambapo ni chake na atakitaka siku yoyote. Kuna wakfu, ambapo hakiuzwi wala hakirithiwi, na kina msimamizi. Hakuna Mwamu asiyezijua tofauti hizi tangu madrasa, sasa fomu inaziacha kwa nini? Tazama mfano wa kawaida kabisa. Mwalimu anamwendea bibi jirani kuomba chetezo cha shaba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Chukua, lakini arusi ya mjukuu ikifika nitakitaka."

Hiyo ni amana yenye tarehe isiyojulikana. Ikiandikwa kwenye fomu ile, imekuwa hiba. Bibi akifariki kabla ya arusi, warithi wote wana haki katika chetezo, nawe umeshika karatasi inayosema kingine. Fomu iwe na visanduku 3 (hiba, amana, wakfu), muda wa amana, nani anaruhusiwa kuja kukichukua, na kitu kikitoka kwenye mirathi isiyogawanywa, sahihi za warithi wote waliobaleghe. Mrithi mmoja hawezi kutoa cha wote. Piga picha ya kitu pande 4 siku ya kupokea, mbele ya mwenyewe, ili baadaye kusiwe na "kilikuwa hakina ufa".

Mchana ni utunzaji, na hapa darasa limechukua maelekezo ya nchi za baridi na kuyashusha gatini bila kuyakagua. Kijitabu kinasema chumba kiwe na unyevu wa asilimia 50. Katika nyumba ya mawe ya matumbawe mita 100 kutoka baharini, madirisha yakiwa wazi, kipima unyevu hukaa juu ya 70 sehemu kubwa ya mwaka. Asilimia 50 huipati bila mashine inayofanya kazi usiku na mchana, na umeme ukikatika unyevu unarudi kwa kishindo. Kupanda na kushuka kwa ghafla ndiko kunakopasua mbao. Mbao iliyokaa Lamu miaka 100 imezoea 75. Ukiiingiza ndani ya 50 wiki moja inajikunja.

Unachopambana nacho ni ukungu. Ukungu hushika unyevu unapopita 65 hadi 70 na hewa imesimama. Unyevu huuwezi, hewa unaiweza. Acha nafasi ya sentimita 5 au zaidi kati ya kitu na ukuta wa nje. Rafu ya chini iwe sentimita 15 juu ya sakafu. Milango ya pande mbili ifunguliwe asubuhi upepo ukianza, ifungwe jioni. Kabati liwe na matundu yaliyofunikwa wavu, juu na chini. Kasha la kioo lililozibwa, ambalo darasa linalisifu kwa picha za rangi, ndilo baya kuliko yote hapa: unafungia hewa yenye unyevu wa 78 mchana, usiku kioo kinapoa, maji yanatona ndani.

Mkufunzi anasema dawa ni vipakiti vya silika. Vile vya kwenye maboksi ya viatu? Kanuni ya mafundi ni kilo 20 za silika kwa kila mita moja ya ujazo. Kabati la nusu mita ya ujazo linataka kilo 10. Vipakiti sita ni ubani kwenye upepo. Silika ina faida pale tu sanduku ni dogo na linafunga kikweli, mfano bati la biskuti lenye sarafu au pambo la fedha. Humo gramu 200 zinatosha, nazo zikaushwe kwenye jiko la kuokea kila zinapojaa maji.

Zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zinahitaji neno lao. Darasa linashauri zitumike kama rafu za maonyesho, na kwa macho hakuna kinachozishinda: safu juu ya safu za vidaka vya chokaa kwenye ukuta wa ndani kabisa. Wazee waliweka humo sahani za Kichina na vyombo vya kioo, na hawakukosea. Ukuta wa matumbawe hutema chumvi, unaona unga mweupe chini ya kila kidaka. Kauri iliyong'arishwa haijali, unaifuta. Shaba inajali: chumvi hiyo pamoja na unyevu huzaa madoa ya kijani yanayokula ndani kama kidonda. Karatasi na nguo hunyonya chumvi hiyo. Kwa hiyo kauri na kioo viwekwe zidakani. Shaba, misahafu na kofia viwekwe kabatini katikati ya chumba. Na ikiwa ukuta umepigwa plasta ya saruji au rangi ya plastiki, usiweke kitu hata kimoja karibu nao mpaka plasta au rangi hiyo iondolewe na ukuta upakwe chokaa. Saruji hufungia maji ndani ya jiwe, maji hupanda hadi kwenye boriti, na vichwa vya boriti vinaoza bila mtu kuona.

Kuhusu shaba kuna fundisho moja la kufutwa kabisa. Darasa linaonyesha chetezo kikisuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka kinang'aa kama kipya. Ndimu hula shaba, majivu hukwaruza. Kila mng'aro ni tabaka la shaba lililoondoka. Chombo kilichoandikwa kwa kuchora kitapoteza herufi zake baada ya miaka michache ya usafi huo. Nyumbani fanya upendavyo kwa ajili ya Idi. Kilichosajiliwa kipigwe vumbi kwa brashi laini, kifutwe kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, basi.

Wadudu: hapa darasa lina wazo zuri likalifikisha nusu. Linasema gandisha. Ni kweli, na Lamu haikosi friza za samaki. Kitu cha mbao, ukindu au nguo kinafungwa ndani ya plastiki mbili, hewa inakamuliwa nje, kinakaa kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja. Friza ya nyumbani ya nyuzi 18, wiki mbili. Lililosahauliwa ni kutoa: usifungue plastiki mpaka zipite saa 24, ili umande utue juu ya plastiki, usitue juu ya kofia ya marehemu. Na visiingizwe kabisa vitu vya pembe, kioo, vilivyopakwa rangi, au vilivyopambwa kwa vipande vilivyopachikwa, maana kila kimoja hujikunja kwa kasi yake na vipande huchomoka. Kiti cha enzi, kile cha mgeni wa heshima chenye mapambo ya kupachikwa, kwa hiyo hakiendi friza. Mchwa ni habari nyingine. Huo unatoka ukutani na ardhini; friza haina la kuufanya, kinachofaa ni kukagua miguu ya kabati kila wiki kwa tochi.

Majani ya mwarobaini ndani ya kurasa huacha madoa. Tena hili la udi: katika chumba cha mfano chetezo huwashwa wageni wanapoingia, na harufu inapendeza mno. Moshi wa udi ni mafuta na masizi, hutua juu ya kila karatasi na nguo na hautoki. Fukiza kwenye daka, barazani mlangoni, mgeni akiwa bado hajavua viatu.

Mwanga umefundishwa sawa. Kwa nguo na karatasi laksi 50 ni mwisho, kauri na mawe havina shida. Programu ya simu inapima kwa kukisia, na kukisia kunatosha, kwa kuwa jua la moja kwa moja darini laweza kufika laksi 100,000. Kanga ioneshwe miezi 3 kisha ipumzike, iwekwe nyingine. Mikono kwa karatasi iwe imeoshwa na kukaushwa bila glavu, kwa shaba na fedha glavu zivaliwe. Kijitabu kimegeuza hayo mawili kinyume, labda ni kosa la chapa.

Siku ya tatu mtu anapumua. Asubuhi ni kuandika vibao vya maelezo. Maneno hayazidi 60, herufi zinasomeka mtu akiwa hatua moja na nusu mbali, kibao kinakaa mita 1.3 kutoka sakafuni kwa watu wazima, sentimita 90 kwa watoto wa darasa la pili. Darasa linaleta kibao kibaya na kukitengeneza pamoja. Kibaya: "Kiti cha kale cha Waswahili, kizuri sana, kilitumiwa na watu mashuhuri." Kilichotengenezwa: "Kiti cha enzi. Fremu ya mpingo, mgongo na kalio vimesukwa kwa ugwe, mapambo yamepachikwa. Mguu wa mbele una kibao cha kuwekea nyayo. Mwenye nyumba hakikalii kila siku; hukiweka kwa mgeni wa heshima. Tazama ugwe ulipokatika upande wa kushoto: pale ndipo mkono wa mgeni hushika akiinuka." Sentensi ile ya mwisho ndiyo inayomfanya mtoto apige magoti kutazama.

Mchana ni kuchapa kwa linoliamu, na hapa Burroughs anarudi kwa haki. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikaa Mexico mwaka mmoja, karibu na wachapaji wa Taller de Gráfica Popular, waliochapa picha za bei nafuu kwa ajili ya watu wa kawaida. Kuchapa kwa linoliamu kukawa ndiyo kazi anayojulikana nayo. Picha moja iliyochongwa hutoa nakala nyingi, na mtu asiye na uwezo wa kununua mchoro wa rangi anaweza kununua nakala. Makumbusho madogo ya Lamu yanayouza nakala ya mlango wa nakshi iliyochongwa na wanafunzi wake hayatalazimika kuuza vishikizo vya funguo vilivyotoka kiwandani ng'ambo.

Mji wa wachonga milango haupati shida kushika patasi, ila mazoea ya mbao yanaponza. Kwenye mbao unafuata nyuzi. Linoliamu haina nyuzi, inakwenda unakoisukuma, kwa hiyo mkono usitie nguvu. Mkono wa pili ubaki nyuma ya makali daima, kamwe usiwe mbele. Patasi ya mdomo wa V kwa mistari, ya U pana kwa kufyeka nafasi. Ndani zaidi ya nusu ya unene usichimbe. Joto la Lamu huilainisha. Ikiachwa juani dakika 10 inakuwa kama jibini na kingo zinameguka, basi chonga kivulini. Iliyozeeka hukatika vipandevipande: hiyo ndiyo ipashwe jua, dakika 2.

Wino wa mafuta unatanuliwa kwa rola juu ya kioo mpaka usikike mlio mwembamba kama wa ngozi inayobanduka. Ukisikia mlio wa matope, umezidi. Karatasi juu, sugua kwa mgongo wa kijiko cha mbao kutoka katikati kwenda nje. Nakala 2 za kwanza ni za majaribio. Wino wa maji ambao darasa pia linautoa haufai hapa wakati wa kaskazi, hukauka kwenye rola kabla hujamaliza kupaka. Kusafisha wa mafuta: mafuta ya kupikia kwanza, kisha sabuni.

Herufi huchongwa kinyume. Hili watu wanalijua kwa herufi za Kirumi na kulisahau kwa Kiarabu, kwa sababu jicho linadhani "tayari inatoka kulia". Andika kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, igeuze, sugua mgongoni, maandishi yanahamia kwenye linoliamu yakiwa yamekwisha pinduka. Aya za Qur'ani zisichongwe kwa mazoezi. Vipande vya linoliamu vilivyoharibika huishia sakafuni na kukanyagwa. Mkufunzi alilitanguliza hilo kabla mtu hajagusa patasi, naye astahili shukrani.

Siku ya nne ni ziara fupi ya kutazama jinsi vyumba vinavyopangwa katika nyumba ya makumbusho ya Kiswahili na ngomeni, kisha kuchora mpango wa chumba chako. Kuchora kunafundishwa vizuri: boriti huamua upana wa chumba, karibu mita 2.5 hadi 3, kwa hiyo chumba cha Lamu ni ukumbi mrefu mwembamba na mgeni hutembea kwa mstari. Acha njia ya sentimita 90. Watoto 15 kwa mara moja, si 40.

La kwanza lililosahauliwa ni kwamba nyumba ina wenyewe. Mpango wa mfano unampitisha mgeni kutoka dakani, kiwandani (uani), misanani (kumbi zinazofuata ua), mpaka ndani penye zidaka. Ndani ni kwa wanawake na wa nyumbani. Familia zinazoishi juu zitakubali wiki ya kwanza kwa adabu, ya pili mlango utafungwa. Burroughs aliweka makumbusho vyumba vya chini, familia ikakaa na nafasi yake. Hapa kipimo ni hichohicho: sabule (chumba cha wageni) au chumba cha karibu na daka, chenye mlango wake, mgeni asipite uani. Zidaka zitabaki ndani kwa wenyewe. Zichorwe, zipigwe picha mwenyewe akiridhia, au fundi wa chokaa ajenge safu tatu za vidaka katika chumba cha nje.

La pili ni sheria. Haikupewa hata dakika 10, ilhali ndiyo inayoweza kumfunga mtu. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006 huhesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, isipokuwa vitabu na hati, kuwa cha kale. Hakitoki nje ya nchi bila kibali. Kuchimbua bila leseni ni kosa, na vigae vya magofu ya Takwa au Shanga vinavyookotwa na watoto siku ya matembezi virudi vilipokuwa. Chochote chenye pembe ya ndovu, hata mapambo ya kiti, kiulizwe kwanza kwa Shirika la Wanyamapori, kwani kumiliki pembe bila kibali ni kosa.

Anayefaa kwenda ni mwalimu mwenye chumba na mwenye vitu visivyozidi 50. Mwenye hati za zamani zilizoliwa na wadudu asiende huko. Apeleke kwa wahifadhi wa Makumbusho ya Lamu kwanza, azifunge kwa karatasi safi na zisibanwe. Ukienda, epuka wiki ya Maulidi, vyumba vya kulala hupanda bei na mji hujaa. Beba kipima unyevu chako, kasha halina, na fomu ya hiba, amana na wakfu uliyoichapa mwenyewe. Zile za darasani zikirekebishwa, ada ya Sh 6,500 itakuwa rahisi.